Matairi ya karavani: dalili, chanzo na dawa yake

Tairi la gari likianza kuishiwa upepo, dereva hupata habari mapema. Usukani unavuta upande, gari linakuwa zito, kiti kinatetemeka. Tairi la karavani, yaani trela la kulala linalovutwa na gari, halina njia ya kukufikishia habari hiyo. Liko mita kadhaa nyuma yako, halina uhusiano wowote na usukani, na gari lenye nguvu ya kutosha litalikokota hata likiwa limelala nusu. Wengi hugundua pale mtu mwingine barabarani anapowapigia honi na kuwaonyesha nyuma kwa kidole, au moshi unapoonekana kwenye kioo cha pembeni. Wakati huo tairi limeshakufa.

Kwa hiyo matatizo ya matairi haya hutafutwa trela likiwa limesimama, kabla ya kuondoka na kwenye kila mapumziko. Jicho, kiganja na geji ya upepo ndivyo vitakavyokuambia yale ambayo usukani hauwezi kukuambia. Na ujue mapema kwamba tairi hili lina maisha tofauti na lile la gari. Karavani husimama miezi mingi, kisha hutembea siku chache ikiwa imeshiba mzigo. Tena, tairi la gari dogo mara nyingi hubeba uzito ulio chini sana ya uwezo wake, wakati la karavani hufanya kazi karibu kabisa na kikomo. Kosa dogo ambalo gari lingelisamehe, karavani hailisamehi.

Upepo unapungua

Kila tairi hupoteza upepo kidogo kidogo kupitia kwenye mpira wenyewe. Tairi zima hushuka psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 1 hadi 2 kwa mwezi, hivyo karavani iliyosimama miezi minne ikikutwa imeshuka psi 6 si lazima iwe na pancha. Kinachopaswa kukushtua ni tofauti kati ya tairi na mwenzake. Moja likishuka psi 5 na la pili likashuka 15 katika muda uleule, la pili linavuja, hata kama kwa macho yote mawili yanaonekana yamesimama vizuri. Andika vipimo kwenye karatasi na uiweke ndani ya mlango wa karavani, maana kipimo kimoja peke yake hakikuambii chochote kuhusu mwendo wa mambo.

Pima tairi likiwa la baridi: trela liwe limetulia kwa muda wa saa tatu au zaidi, na jua lisiwe linapiga upande mmoja. Tairi la upande wa jua husoma juu kuliko la kivulini, na hapo ndipo watu wanapotoa upepo ambao haukustahili kutolewa. Joto la hewa likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, tairi lililojazwa baa 4.5 hupoteza karibu baa 0.2, yaani kati ya psi 2 na 3, bila tundu lolote. Ukijaza mchana wa joto kali ukaondoka alfajiri ya baridi, pima upya.

Kosa ninalolichukia kuliko mengine yote ni kupunguza upepo wa tairi lililotoka kutembea eti kwa sababu geji inasoma juu. Lazima isome juu. Hewa imepata moto. Ukiipunguza, tairi likipoa litabaki chini ya kiwango, na safari inayofuata ndiyo itakayoliharibu.

Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha karavani, mara nyingi karibu na mlango au kwenye upinde wa gurudumu, na kwenye kitabu chake. Usichukue kiwango cha gari linalovuta. Gari dogo likiwa kwenye psi 32, karavani yake inaweza kutaka 45, nyingine hadi 65. Namba iliyochapwa kwenye ubavu wa tairi inaendana na mzigo wa juu kabisa ambao tairi limeruhusiwa kubeba; ni ukuta wa mwisho, na usiuvuke ukiwa unajaza tairi la baridi.

Ukishajua kwamba tairi linavuja, chukua maji ya sabuni na uanze na valvu, kwa sababu hapo ndipo penye makosa mengi na ndipo rahisi kurekebisha. Mwagia kwenye mdomo wa valvu. Mapovu yakitoka, kaza au badilisha kiini chake. Halafu isukume valvu upande kwa kidole huku unatazama shina lake. Valvu ya mpira iliyozeeka huonekana nzima ikiwa imesimama wima, lakini ukiikunja nyufa zinafunguka na mapovu yanachemka pale chini inapoingia kwenye rimu. Valvu ya kawaida ya mpira imetengenezwa kwa upepo usiozidi baa 4.5, sawa na psi 65. Karavani inayotaka zaidi ya hapo iwekewe valvu za chuma za kukaza kwa nati. Na kila tairi jipya lifungwe na valvu mpya. Ukimwona fundi anarudisha ile ya zamani, mzuie.

Kama valvu ni salama, pitisha sabuni pale mpira unapokutana na rimu, pande zote mbili. Kutu kwenye rimu ya chuma, au unga mweupe kwenye rimu ya alumini, huinua mdomo wa tairi na kuachia upepo polepole. Dawa yake ni kulitoa tairi, kusugua rimu mpaka isafike, na kulirudisha.

Mwisho ni kashata, yaani ile sehemu ya tairi yenye mifereji inayogusa barabara. Msumari ukiwa katikati ya kashata na tundu lake halizidi milimita 6, tairi linaweza kuzibwa kwa kiraka cha ndani chenye kizibo. Ukiwa begani, yaani kwenye ukingo wa kashata, au ubavuni, hakuna kuziba. Dawa za povu za kuziba pancha ni za kukufikisha kwa fundi tu, na umwambie fundi kwamba umezitumia.

Kuna jambo moja ambalo fundi mwenye haraka hulipita: tairi lililotembea likiwa limeishiwa upepo. Kwa nje linaweza kuonekana zima kabisa baada ya kuzibwa na kujazwa. Litolewe kwenye rimu, utie mkono ndani. Ukikuta ungaunga mweusi wa mpira, au ukasikia kwa vidole mstari uliochubuka ukizunguka ubavu mzima, nyuzi za ndani zimeshasagika. Tairi hilo halifai tena, hata kama tundu lenyewe lilikuwa dogo kama la sindano.

Kashata ni mpya lakini ubavu una nyufa

Hii ndiyo dalili ya karavani hasa. Matairi haya ni nadra kuisha kwa kulika. Huisha kwa uzee, na mwenyewe anatazama kashata zilizosimama wima na kujiambia bado yana miaka.

Ndani ya mpira watengenezaji huchanganya nta na kemikali za kuzuia kuzeeka. Tairi linapotembea hukunjwa na kukunjuka, na mwendo huo ndio unaozisukuma zije juu zifunike ngozi ya nje. Tairi lililosimama halipati huduma hiyo. Ozoni ya hewani na mionzi ya jua vinaushambulia mpira usio na kinga, unakauka, unapasuka. Ndiyo maana gari linalotembea kila siku linaweza kuwa na matairi laini, na karavani ya umri uleule ikawa na ubavu uliojaa mistari.

Jinsi ya kukagua: bonyeza mpira kwa dole gumba karibu na rimu na uutazame unavyojikunja. Kisha tazama chini kabisa ya mifereji ya kashata. Halafu lala chini na tochi uangalie upande wa ndani unaotazama ekseli, kwa sababu watu wengi hawajawahi kuuona tangu wanunue karavani. Vistari vyembamba vya juujuu ni vya kufuatilia. Ufa ambao ukucha unakwama ndani yake, ufa ulio chini ya mfereji wa kashata, au ufa unaoonyesha nyuzi, ni mwisho wa tairi hilo.

Umri wenyewe umeandikwa. Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate mstari mpaka tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, na kwa bahati mbaya huwa ule wa ndani. Piga picha kwa simu ukiwa umeingiza mkono. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hakuna la kujadili.

Ushauri uliozoeleka kwa karavani ni kuanza kubadilisha yakitimiza miaka 5, na yasivuke 7 hata yakionekana mazima. Miaka huhesabiwa tangu kiwandani, si tangu siku uliyolipa pesa, kwa hiyo soma tarehe kabla ya kufungiwa. Tairi "jipya" lililolala dukani miaka mitatu limeshatumia sehemu kubwa ya maisha yake.

Kuzuia ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Karavani ikienda kupumzika, osha matairi kwa maji na sabuni ya kawaida, yajaze mpaka kiwango chake, na yafunike jua lisiyafikie. Yasikae juu ya udongo uliolowa oili au dizeli. Kila mwezi sogeza trela kidogo ili sehemu nyingine ya tairi ikae chini, au liinue juu ya stendi mahali ambapo kitabu kinaruhusu. Dawa za kung'arisha zenye mafuta ya petroli achana nazo. Hung'arisha leo na kuondoa kinga ambayo tairi linaihitaji kesho.

Tairi moja lina moto kuliko mwenzake

Baada ya nusu saa hivi ya mwendo, simama mahali salama uzunguke karavani. Peleka nyuma ya kiganja karibu na habu (kitovu cha gurudumu) bila kugusa kwanza, kisha gusa ubavu wa tairi, halafu nenda upande wa pili ufanye hivyohivyo. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali ni bora zaidi kama unacho, lakini mkono unatosha kwa kulinganisha. Uvuguvugu ni kawaida. Usiozoeleka ni ule wa upande mmoja.

Kama habu ni ya moto sana na tairi ni la uvuguvugu tu, tatizo si tairi. Ama breki imeshika, ama beringi inaanza kufa. Karavani iliyosimama muda mrefu huku breki ya mkono imevutwa hupata kutu ndani, na ukiachia, viatu vya breki havirudi vyote. Inua gurudumu, ulizungushe kwa mkono: likigoma, ni breki, likizunguka kwa sauti ya kusaga, au likicheza unapolishika juu na chini na kulitikisa, ni beringi. Usiendelee na safari ukitumaini itapoa yenyewe. Moto wa habu hupanda hadi kwenye rimu na kulipika tairi kuanzia ndani.

Kama tairi ni la moto na habu imetulia, sababu ziko mbili: upepo mdogo au mzigo mkubwa. Zote mbili zinafanya jambo lilelile. Ubavu unalala zaidi kila unapofika chini na kusimama tena unapopanda. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gurudumu la kawaida la karavani huzunguka kama mara 12 kila sekunde, na kila mzunguko ni mkunjo mmoja. Chukua waya uukunje na kuukunjua haraka, utausikia ukiwaka vidoleni; ubavu wa tairi unapitia hayohayo, kwa saa nzima. Mpira hulainika, tabaka zinaachana, na tairi linapasuka kilomita nyingi baada ya pale kosa lilipoanzia. Ndiyo sababu watu husema "lilipasuka bila sababu".

Upepo umeshajua kuupima. Mzigo unataka mizani, na hapa hesabu ifanywe kwa uangalifu. Tuseme karavani yako ikiwa imepakiwa ina kilo 1,500, ina ekseli moja, na kiungo cha kuvutia kinaweka kilo 90 juu ya gari. Zinabaki kilo 1,410 kwa magurudumu mawili, sawa na 705 kila moja. Sasa soma namba ya uwezo kwenye ubavu wa tairi, ile inayofuata ukubwa. Namba 95 maana yake tairi linabeba kilo 690: umeshazidi kabla hujaondoka nyumbani. Namba 98 ni kilo 750, kwa hiyo una akiba ya kilo 45, na unaona mambo ni salama. Lakini jiko, friji na betri viko upande mmoja, ukaongeza na dumu la maji la lita 40 ambalo ni kilo 40. Tofauti ya pande mbili ikifika kilo 100, upande mzito unabeba 755 na mwepesi 655. Tairi la upande mzito limezidiwa, ingawa jumla ya uzito kwenye karatasi ni halali kabisa.

Ndiyo maana napendekeza kupima gurudumu mojamoja, mahali tambarare, karavani ikiwa imeunganishwa na gari na imepakiwa kama ya safari. Ukikuta hali hiyo, hamisha vitu vizito viwe chini na karibu na ekseli, au panda namba ya tairi: 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, mradi rimu inaruhusu upepo ambao tairi hilo linautaka. Herufi inayofuata namba ni ya mwendo: J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120, N ni 140. Herufi hiyo isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha karavani.

Kwa karavani ya ekseli mbili, angalia pia kama imesimama sawa inapounganishwa. Pua, yaani sehemu ya mbele inayoungana na gari, ikiinuka, matairi ya nyuma hubeba sehemu isiyo yake. Pua ikiinama, mateso yanahamia mbele. Rekebisha kimo cha kiungo kabla ya kulaumu matairi.

Tairi linalika vibaya

Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika mabega yote mawili, upepo ni mdogo au mzigo ni mkubwa. Hapo hakuna siri.

Kulika bega moja ni habari nyingine. Kwenye gari ungekimbilia alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), lakini karavani nyingi zina ekseli yenye springi za mpira ndani yake, isiyo na pa kurekebisha. Bega moja likilika maana yake ekseli imepinda, mara nyingi kwa kugonga shimo au ukingo wa barabara, au mpira wake wa ndani umechoka na gurudumu limeegama. Pima umbali kati ya matairi ya kushoto na kulia kwa mbele na kwa nyuma yake, kwa kimo kilekile. Tofauti kubwa inakuambia ekseli imekwenda pembeni. Kubadilishana matairi pande kutaficha tatizo kwa msimu mmoja tu.

Mabonde ya kupishana kama mawimbi kuzunguka kashata hutoka kwenye gurudumu lisilobalansiwa, beringi inayocheza au shokapu iliyokufa. Karavani ya ekseli mbili, ikikatwa kona kali sana inapoegeshwa, huburuta matairi pembeni mpaka unaona ubavu umejipinda. Mara moja moja inavumilika, lakini kama ndivyo unavyoegesha kila siku kwenye lami kavu, utaona mabega yamechanika vipande. Tumia nafasi pana, piga kona kwa awamu.

Kina cha kashata kikifika milimita 1.6, vile vizingiti vidogo ndani ya mifereji huwa vimelingana na kashata zenyewe. Nchi nyingi zimeweka hapo mpaka wa sheria. Kwa trela linalopita barabara zenye maji, mimi nisingengoja hapo. Milimita 3 ni mahali pazuri pa kubadilisha.

Uvimbe, mkato, au kishindo kinachojirudia

Uvimbe ubavuni ni nyuzi zilizokatika ndani. Hewa imebaki inazuiwa na ngozi ya mpira tu. Hauzibwi wala haufuatiliwi. Tairi linatoka siku hiyo hiyo.

Uvimbe juu ya kashata ni mbaya zaidi, kwa sababu waya za chuma zinaachana na mwili wa tairi na kashata nzima iko njiani kubanduka. Ndani ya gari unaweza kuusikia kama "dup-dup-dup" inayokwenda haraka kadiri unavyoongeza mwendo. Tofautisha na tairi lililolala: karavani iliyosimama muda mrefu hupata bapa mahali tairi lilipogusa ardhi, na kishindo chake hupungua baada ya kilomita kadhaa tairi likipata joto. Kishindo kinachopungua kinavumilika. Kinachobaki palepale au kuongezeka kinataka usimame.

Karavani inayumba

Trela likianza kuchezesha mkia, watu hutazama matairi mwisho, na mara nyingi huyatazama yale ya karavani tu. Matairi ya nyuma ya gari linalovuta yana mchango mkubwa. Gari likibeba pua ya karavani na buti iliyojaa huku matairi yake ya nyuma yana upepo wa siku za kawaida, ubavu wake unacheza na trela linapata pa kuanzia. Jaza matairi ya gari kwa kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari.

Upande wa karavani, hakikisha upepo ni sawa kulia na kushoto, na kwamba hakuna tairi la radiali (lenye nyuzi za ndani zinazokatiza moja kwa moja) lililochanganywa na la nyuzi za mshazari kwenye ekseli moja. Baada ya hapo tazama mzigo: vitu vizito vilivyowekwa nyuma kabisa huifanya pua kuwa nyepesi. Karavani za Ulaya kwa kawaida hutaka pua ibebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela lililopakiwa. Trela za Amerika Kaskazini hutaka 10 hadi 15. Fuata kitabu cha trela lako, na usivuke kikomo cha kiungo cha gari.

Ikianza ukiwa barabarani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe umenyooka, na uache mwendo upungue wenyewe. Usifukuzane na mkia kwa usukani, na usiongeze mwendo kujaribu kuunyoosha.

Tairi limepasuka

Kishindo kinakuja, karavani inavuta upande, na mguu wa kulia unataka kukanyaga breki kwa nguvu. Usikanyage. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, na uliache gari lipoteze mwendo mpaka upate mahali pagumu na tambarare nje ya njia.

Usiitenge karavani na gari. Vuta breki za mkono za vyote viwili, kinga gurudumu la upande wa pili kwa kabari, toa watu wote ndani ya karavani. Jeki iwekwe mahali palipotajwa kwenye kitabu, kwa kawaida chini ya ekseli au kwenye kishikio maalumu cha chasi. Ukiiweka chini ya sakafu itapenya. Kabla ya kufunga spea, ingiza kichwa na tochi ndani ya upinde wa gurudumu. Kipande cha kashata kinachopigapiga kwa mwendo kina nguvu ya kuvunja mbao, kukata waya za taa, kung'oa kebo ya breki na kupinda bomba la gesi linalopita chini. Mtungi wa gesi uwe umefungwa muda wote wa safari, na baada ya tukio kama hili usifunguliwe mpaka bomba likaguliwe.

Kwa ekseli mbili, tairi lililobaki upande uleule lilibeba mzigo wa mawili tangu mwenzake alipopasuka. Litolewe kwenye rimu likaguliwe kwa ndani, na kama lilikwenda umbali wowote wa maana, libadilishwe pamoja na lile lililokufa.

Nati zinalegea

Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, au chuma kinachong'aa kuzunguka matundu ya rimu, ni dalili kwamba gurudumu linacheza. Chanzo mara nyingi ni rangi, kutu au tope kati ya rimu na habu, au nati zilizokazwa kwa bunduki ya upepo na kuachwa hivyo. Safisha nyuso zote mbili, kaza kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa kukatiza kama nyota ukitumia spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu. Rimu ya chuma na ya alumini mara nyingi hazina kipimo kimoja. Baada ya kilomita 50 simama ukaze tena. Gurudumu lililofungwa upya hukaa vizuri baada ya kutembea, na nati hubaki na ulegevu kidogo.

Angalia pia bolti za spea. Karavani yenye rimu za alumini ikibeba spea ya chuma, inaweza kuhitaji bolti zake tofauti, kwa urefu na kwa umbo la kichwa linalokaa ndani ya tundu. Bolti isiyo yake huonekana imekaza huku haijashika, au huzidi urefu na kugusa breki kwa ndani.

Na spea yenyewe huzeeka sawa na mengine, tena pale chini ya sakafu hupigwa na tope na chumvi kila safari. Isome tarehe, ijaze kiwango kamili, na uitoe yote angalau mara moja ukiwa nyumbani: vibeba-spea vingi hushika kutu visitoke. Siku hiyo hiyo jaribu jeki yako chini ya karavani iliyopakiwa, tairi likiwa limetolewa upepo wote. Jeki nyingi ndogo zinazokuja na magari haziingii chini ya ekseli iliyoshuka kiasi hicho, na zikiingia hazipandi kufikia kimo cha tairi lililojaa.